Paka Anakusalimu Sana

11 Januari

Baba,

Shikamoo. Huku hatujambo wote wawili. Mama bado yuko zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mikate. Anarudi na unga kwenye nyusi, na jana alijitazama kwenye kioo akasema kumbe atazeeka vizuri. Ananiambia nikuandikie kwamba ule chakula chote cha hospitali na uache kudai umeshiba. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili anakusalimu pia. Analalamika kwamba kinyozi wake wa sasa amemuuliza anataka mtindo gani, na yeye nywele zimebaki za kuzunguka masikio tu. Anasema wewe usingemtukana hivyo.

Sasa keti vizuri. Chuo cha udaktari kimeniita kwenye mahojiano! Mwaka jana hata barua ya kunikataa hawakujisumbua kuniandikia, mwaka huu wameniita. Ni katikati ya Aprili. Mwalimu ana mwanafunzi wake wa zamani aliyepitia palepale, naye amemweleza utaratibu. Hukai mbele ya wazee ukajibu maswali yakaisha. Unapita vyumba, chumba baada ya chumba, na kila kimoja kina jambo lake. Kengele ikilia unaingia, ikilia tena unatoka hata kama mdomo bado uko wazi. Kwa hiyo jioni tunafanya mazoezi sebuleni. Mwalimu anauliza, mimi najibu, mama anagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Ameupenda ule mfuniko kupita kiasi. Nikianza tu kujibu vizuri, ngwaa!

Baba, nataka kuja kukuona kabla ya mahojiano. Nimeulizia. Hospitali yenu inaruhusu mgeni kukaa na mgonjwa uani Jumapili, kwenye hewa, mbali kidogo, na barakoa. Basi la asubuhi linafika huko mchana. Tangu walipokuchukua sijaona hata kivuli chako. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Niambie tu Jumapili gani.

Mwanao

2 Februari

Mwanangu, mama yangu, daktari wangu,

Marahaba, na nyingine uiweke akiba. Barua yako imekuja na gari la dawa, maana posta yetu ndiyo hilo gari, na simu hapa bondeni kazi yake ni kutuambia saa tu. Niliisoma kwa sauti wodini. Wodi yetu ni chumba kirefu chenye madirisha yasiyofungwa, mvua inyeshe, baridi iingie, nasi tunalala na kofia kama watoto wachanga. Kitanda cha kwanza yupo fundi cherehani tunayemwita Hakimu, kwa sababu hakuna neno linalopita bila yeye kulitolea hukumu. Nilipofika pale pa kuitwa chuoni, akagonga chuma cha kitanda: “Huyo ameshapita! Kesi imefungwa!” Wodi nzima ikapiga makofi, mpaka Sista akaja mbio akidhani kuna mtu amezidiwa.

Kuhusu kuja, hapana, mama. Usije. Usinune, nisikilize. Kila mtu ana mtihani wake. Wako ni hayo mahojiano, wangu ni makohozi ya hiki kifua kikuu. Wanayapima kila mwezi, na yakitoka safi mara mbili mfululizo wananifungulia mlango. Tumalize mitihani yetu kwanza, ndipo tuonane tukiwa watu kamili. Sitaki unione nimevaa pajama za wodi, zimeandikwa jina la hospitali mgongoni kama mfungwa. Tena kabla ya Aprili nitakuwa nimetoka. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka lango la chuo, na mlinzi atasema, huyu msichana ana baba. Subira yavuta heri.

Wakati huo nikupe siri ya kazi. Mtu akiketi kwenye kiti changu, sishiki mkasi. Namfunga kitambaa shingoni, halafu namuuliza habari za nyumbani, watoto, kazi, mama mkwe amepona? Naendelea hivyo mpaka mabega yake yashuke. Ukianza na wembe mtu hajatulia, utamkata. Basi na hao utakaowakuta vyumbani, uwape salamu zao kamili, usiwabanie. Mtu aliyesalimiwa vizuri hana ubaya na wewe.

Hakimu ameagiza ujibu swali hili kwa maandishi, wodi ikupe maksi: Kwa nini udaktari?

Kibanda kinaendeleaje? Mwambie mwenzangu wa kiti cha pili asifungulie redio sana, wateja wangu wanapenda kuzungumza. Na huyo “kinyozi wa sasa” wa Mwalimu ni nani? Kwani mwenzangu amemkosea nini?

Baba yako

24 Februari

Baba,

Shikamoo, wewe na wodi nzima, na ya Hakimu iwe ya pekee. Mama alikuwa na mafua, yamekwisha. Paa la choo lilivuja, akapanda ngazi mwenyewe na kipande cha bati, nikamwambia mama utaanguka, akaniambia shika ngazi wewe, daktari wa kuunga mifupa bado hujawa. Mwalimu amenunua miwani mpya, sasa anayaona makosa yangu kwa mbali.

Jibu la kwanza nililompa Mwalimu ni kwamba nataka kuwasaidia watu. Akaguna. “Hata muuza maji anasaidia watu. Rudia.” Nikasema napenda sayansi. “Basi kafundishe.” Mama akagonga mfuniko bila hata kuangalia saa. Nikakasirika, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, na nikiwa palepale nikajua jibu.

Unakumbuka tulivyozunguka na wewe kliniki baada ya kliniki, na kila mahali ukapewa dawa ya maji ya kikohozi? Yule daktari wa mwisho aliandika kabla hujamaliza kusema. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe nikitazama utosi wake. Sikuona macho yake hata mara moja. Nataka kuwa yule anayeinua kichwa. Basi. Nilirudi ndani nikamwambia Mwalimu hivyo, hakuguna. Wodi inipe maksi.

Kuhusu kibanda usiwe na wasiwasi. Kiti chako nakifuta vumbi kila Jumapili.

Makohozi ya mwezi huu yamesemaje? Hujaniambia. Na swali moja la kwenu wodini, maana Mwalimu anasema linapendwa sana kwenye mahojiano: mtu akiwa na habari mbaya ya kukupa, ungependa akuambieje? Nauliza watu wanaojua. Na Machi nina nafasi Jumapili zote. Nimesema tu.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa tupo. Mvua imetupiga wiki nzima na madirisha yetu ndiyo hayo. Mwashi wa kitanda cha dirishani anasema angekuwa na saruji kidogo angetuziba wote humu ndani tukafa kwa joto. Mama yako asipande ngazi tena. Mwambie nimesema, ingawa najua atakachojibu.

Jibu lako limepata maksi zote. Hakimu alitaka kupunguza moja kwa sababu hukuitaja wodi, tukamzomea.

Kuhusu habari mbaya, tumejadiliana mpaka chai ikapoa. Hakimu anasema yeye aambiwe na mkewe, akiwa ameshakula. Mwashi anasema asiambiwe kabisa, ataona mwenyewe. Mimi bado nafikiri, nitakuandikia.

Makohozi, unajua maabara nayo ina mambo yake. Mara chupa, mara gari limechelewa. Wewe shughulika na mtihani wako, huu wangu niachie mimi. Sijui sasa kama nitawahi kukusindikiza hiyo Aprili, lakini tuombe uzima. Na Jumapili za Machi zitumie kusoma.

Umenijibu habari za kiti, hukunijibu habari za kibanda. Mwalimu anyolewe wapi kama si kwangu?

Baba yako

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo. Nimekuandikia mara mbili tangu barua yako ile, na gari la dawa limekwenda na kurudi bila neno lako. Nimempigia dereva wake. Anasema barua zangu amezikabidhi mkononi mwa Sista.

Umekasirika? Umezidiwa? Niambie, Baba. Hata ukiandika “nipo” kwenye kipande cha boksi la dawa, nitashukuru. Katikati ya mwezi huu nakwenda kwenye mahojiano, na kila nikifunga macho nakuona umesimama langoni, halafu uso siupati vizuri. Hilo ndilo linalonitisha kuliko chuo. Nimeanza kuusahau uso wako na picha zako zote zilizomo humu ndani umegeuka, unanyoa mtu.

Mwanao

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo, Mwalimu hajambo, choo hakivuji.

Nimeharibu. Ngoja nikusimulie, labda utacheka mahali ulipo.

Vyumba vya mwanzo vilikwenda vizuri. Kwenye kimoja niliulizwa kwa nini udaktari, nikasema habari ya utosi, na mzee mmoja aliyekuwa akiandika akainua kichwa haraka haraka. Nilitamani ungekuwepo. Halafu nikafika chumba chenye karatasi mlangoni. Imeandikwa: Jirani yako alisafiri, akakuachia paka wake. Paka alitoroka, akagongwa na gari, akafa. Jirani amerudi leo, yumo ndani. Mwambie.

Nikaingia. Amekaa mama mmoja wa makamo, ameshika mkoba, anaigiza kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Kwenye kona yuko msimamizi na kalamu. Nikakumbuka mabega. Nikamwamkia, nikampokea mkoba, nikamkaribisha maji. Nikamuuliza safari, akasema njema. Huko alikotoka? Hawajambo. Mvua je? Ilinyesha. Nikampa pole ya mvua. Nikamuuliza wajukuu, na yule mama, sijui hata kama ana wajukuu, akaniambia mkubwa ameanza shule, nikafurahi, nikauliza darasa. Baba, mabega yalishuka! Niliyaona! Nikasema moyoni, sasa, sasa hivi namwambia. Akanitazama usoni, akauliza, “Na paka wangu je, hajambo?”

Nikamwambia, “Paka anakusalimu sana.”

Kengele ikalia.

Msimamizi alikohoa kwenye mkono wake, nadhani alikuwa anacheka, halafu aliacha kucheka akaandika. Yule mama alibaki anaangalia mkoba wake. Vyumba vilivyobaki sikumbuki nilisema nini.

Nyumbani Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani mpya akaifuta. Mama hakucheka. Alikuwa anamenya viazi, akaniangalia, akasema, “Umetoka kwa baba yako mzimamzima,” akaendelea kumenya. Nilikwenda kulala bila kula. Majibu hayajatoka lakini nayajua.

Andika, Baba. Hata uwongo niletee, mradi ni mwandiko wako.

Mwanao

5 Mei

Makohozi yangu si safi. Hayakuwa safi Januari, wala Februari, wala Machi. Dawa nilizokuwa nakunywa zimeshindwa kazi. Wameniwekea nyingine, kali zaidi, na ninaanza upya tangu mwanzo. Mwaka huu sirudi nyumbani. Mwakani hawajui, na mimi sijui.

Haya. Marahaba, mwanangu. Hujambo?

Nimeanza hivyo makusudi. Nimechana karatasi nyingi, Sista ameninunia, maana kila nikiandika “sisi hapa tupo” kalamu inaondoka yenyewe inakwenda kwa Hakimu na Mwashi na mvua. Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na uwongo mwingine, nilikuwa nimekwisha kuumaliza.

Hii ya paka sikuisoma kwa sauti. Niliisoma peke yangu, uso umeelekea ukutani, nikacheka mpaka kifua kikanishika, Mwashi akaniletea maji. Nilipomaliza kucheka sikujisikia vizuri hata kidogo. Tangu Februari mimi mwenyewe nimekuwa nakuandikia paka anakusalimu. Wewe umejifunza kwangu, na mtihani wako umeufelia kwangu. Nisamehe.

Uliuliza mtu angependa kuambiwaje. Nitakuambia nilivyoambiwa mimi. Ilikuwa mwisho wa Machi. Daktari wetu ni mwanamke, si mkubwa sana kwako. Alivuta kigoda akaketi, na mimi nilipoona kigoda tu nikajua. Basi nikamwanza mimi! Nikamuuliza habari za kwao, mama yake, barabara ilikuwaje, na nywele zake amesukia wapi. Alinijibu yote. Hakuharakisha. Nilipoishiwa akasema, “Baba, dawa zimeshindwa.” Halafu akabaki palepale kwenye kigoda. Mimi nikatazama dirisha, yeye naye akatazama dirisha. Hilo ndilo jibu langu, na maksi mtapeana huko chuoni: aniambie wazi, halafu asiondoke.

Na siri ya kazi niliyokupa ilikuwa nusu. Namuuliza mtu habari mpaka mabega yashuke, ni kweli. Lakini yakishuka, ni lazima nimnyoe. Hakuja kwangu kusalimiwa.

Sasa na wewe. Kibanda changu kina nini? Mficha maradhi kilio humfichua, tumekwisha kuona. Sema.

Ila usije. Hilo bado naliomba. Nimepungua sana, na nilikuwa nataka unikute nimesimama.

Baba yako

28 Mei

Kibanda kimebomolewa. Wanapanua barabara, wamevunja mstari wote tangu Desemba. Mwenzako alihamia kwa kaka yake, mji mwingine, ananyoa huko. Kiti tulikiokoa siku moja kabla ya tingatinga, mimi na mama na mkokoteni. Kiko sebuleni. Mama anakizungusha akidhani simwoni.

Chuo hakijanichukua.

Sasa shikamoo, Baba.

Barua yako nilianza kuisoma jikoni nimesimama, nikaimalizia sakafuni. Mama akaja, nikampa. Aliisoma yote, akaikunja, akatoka nje akaanika nguo. Nguo zenyewe zilikuwa zimekauka tangu asubuhi, alizianua akazianika tena. Nilimfuata. Nikakaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka alipomaliza. Akasema, “Nilijua.” Nikamuuliza amejuaje. Akasema mwandiko wako umelegea, wewe ulikuwa unaandika kama unakwaruza. Mimi ninayetaka kuwa daktari sikuona.

Nimekasirika na wewe, Baba, nimekasirika kweli. Siku mbili nilikuwa naipita meza yenye barua yako kama naipita nyumba ya mtu tuliyegombana. Ya tatu nikaisoma tena, nikafika pale pa kigoda, nikalia vizuri, kilio cha kutosha. Baba, mimi sikujali unisindikize umevaa nini. Nilikutaka wewe tu.

Chuo cha pili nilichoomba kimeniita, katikati ya Juni. Hiki hakina vyumba wala kengele, ni watu watatu na meza. Mwalimu anaendelea kuniuliza, lakini mfuniko mama ameurudisha kwenye sufuria. Nimewaambia wote wawili, nikijua nitajibu, nisipojua nitasema sijui.

Na nije lini?

Mwanao

9 Julai

Nimepata, Baba. Wamenichukua! Naanza Septemba.

Shikamoo. Mama alisikia nikipiga kelele akadhani ni nyoka, akaingia na ufagio. Nilipomweleza aliuangusha ufagio akaketi kwenye kiti chako, akajizungusha mara moja mbele yangu bila aibu. Mwalimu anajitangazia sifa mtaani kote. Ameshaanza kuniita daktari na kunionyesha goti.

Nikusimulie mahojiano. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Niliwasalimia, salamu ya kawaida tu, nikaketi. Yule mama akaniuliza, “Umewahi kumpa mtu habari ngumu?” Nikasema ndiyo, kwa barua, mwezi uliopita. Nilimwambia baba yangu kwamba mahali alipofanyia kazi maisha yake yote hapapo tena. Akauliza, “Alisemaje?” Nikasema bado hajajibu, yuko hospitali ya kifua, barua zinachelewa. Mmoja wa wale wanaume akauliza, “Anaendeleaje?”

Baba, nilikuwa na “anaendelea vizuri” mdomoni tayari. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikasema, “Haendelei vizuri. Dawa za kwanza zimeshindwa. Sijui kama atapona.”

Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti, hata kwa mama. Nilipolisikia nikaanza kulia pale pale mbele ya watu watatu na meza. Nikajisemea, na hapa basi, kwaheri. Lakini hakuna aliyeniharakisha. Yule mama alinisogezea glasi ya maji akakaa. Walikaa wote, mpaka nikamaliza, nikafuta pua, nikasema samahani, naweza kuendelea. Tukaendelea. Waliniuliza mambo ya seli na mambo ya maji machafu, nikajibu niliyoyajua.

Sasa lililo moyoni. Nikishaingia chuoni, muhula wa kwanza hawatoi ruhusa, na chuo chenyewe kiko upande mwingine kabisa, basi la kuja kwako halipiti huko. Ulisema kila mtu amalize mtihani wake kwanza ndipo tuonane. Mimi nilikubali kwa sababu nilidhani ni miezi. Mtihani wako hauna tarehe. Nimeheshimu neno lako tangu Februari, na sijakuona mwaka mzima, na sijui nimeheshimu nini. Sitaki kukuona umesimama. Nataka kukuona ulivyo, hata umelala, hata umegeukia ukuta, nikae mbali na barakoa yangu nikutazame.

Nije au nisije? Jibu hilo kwanza. Mengine yatafuata.

Mwanao

22 Julai

Njoo.

Jumapili yoyote, hii inayokuja ikiwezekana. Mlete na mama yako. Langoni useme wodi ya wanaume, wataita jina langu na mimi nitatoka taratibu, kwa hiyo usiondoke ukadhani hawajanipata.

Nikuambie mapema utakachokikuta, usije ukashtuka. Nimekonda, mashavu yameingia ndani. Dawa mpya zinanitapisha na zimenibadilisha rangi, nimekuwa mweusi kama tako la sufuria. Sikio la kushoto halisikii vizuri tena, kaa upande wa kulia. Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo ananinyoa Hakimu, naye ni fundi cherehani, kichwa changu utakiona mwenyewe. Makohozi ya mwezi huu bado si safi. Daktari anasema ni mapema mno kusema lolote, na mimi namwamini kwa sababu anaketi.

Kibanda nimekililia siku nzima. Leo nimeamka, sijakililia. Udaktari wako niliutangaza wodini nikiwa nimesimama juu ya kitanda, Sista akanishusha, na Mwashi, ambaye hajatabasamu tangu nimjue, akaniomba ukija umpime macho. Nimemwambia bado hujaanza hata darasa la kwanza. Akasema atangoja.

Tutakaa uani kwenye benchi, mimi mwisho huu, ninyi mwisho ule. Nitawauliza habari za nyumbani na mtaniambia zote, nzuri na mbaya, na mimi nitawaambia zangu. Nilikuwa nataka unione nikiwa mzima, mwanangu. Sasa nataka unione tu. Usingoje nipone.

Baba yako